Makala Namba Saba

Nilimpa siku nne. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema jingine lolote, kwa sababu dada yake alipita akiwaambia watu kwamba nilimvizia. Sikumvizia. Kosa la kwanza lilikuwa langu, na nilikuwa tayari kulikiri. Nilikuwa nimeshaandika maneno ya kuomba radhi kwenye kikaratasi, nikakibandika pembeni ya kioo cha kompyuta yangu ili siku ikifika nisibabaike.

Mimi nilikuwa katibu wa uhariri wa jarida jipya la taaluma ya mawasiliano na vyombo vya habari. Yeye, Daktari, alikuwa mhariri mkuu wa jarida hilo na mchumba wangu. Jarida lilikuwa bado halijatoka, na uchumba wetu bado haujatangazwa. Vyote viwili vilipangiwa siku moja, Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye ukumbi mdogo wa chuo, kwa kuwa Daktari alisema hakuna haja ya kuwasumbua wageni walewale mara mbili. Wakati ule niliona ni busara. Mimi nikiipenda sauti ya mtu, naona busara hata akinisomea orodha ya vifaa vya ofisi.

Na sauti yake niliipenda kweli. Alikuwa na mtindo wa kusimama katikati ya sentensi, akavua miwani, akanitazama kana kwamba neno analolitafuta limeandikwa usoni mwangu. Akilipata, alitabasamu upande mmoja wa mdomo, na mimi nilishinda siku nzima nimelibeba tabasamu hilo kama mtu aliyekabidhiwa funguo za nyumba. Aliniita Nukta. Ofisi nzima iliniita hivyo, kwa sababu siachi sentensi iondoke bila nukta yake. Wengine walilitamka kwa kejeli kidogo. Yeye alilitamka taratibu, akiwa ameegemea kabati langu la mafaili, na kwa miaka miwili nilifika kazini mapema ili nisikose kuitwa.

Sina shahada. Nilianza kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, nikifunga vitabu, nikajifunza uhariri kwa kusoma karatasi zilizoharibika kabla hazijapelekwa kutupwa. Ninachojua ni kupanga. Makala ikifika, nafuta jina la mwandishi, naipa namba, naituma kwa wahakiki wawili wasiomjua aliyeiandika, nao wanaandika ripoti bila kutajwa. Orodha ya nani kaandika nini na nani anamhakiki nani tulikuwa nayo watu wawili tu, mimi na Profesa, mama mstaafu aliyekuwa mwenyekiti wa bodi. Daktari hakuruhusiwa kuiona. Kanuni hiyo aliitunga mwenyewe, na siku ya kuipitisha alisimama mbele ya bodi akasema, "Hata mimi nikiandika, nitapita mlango huohuo." Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Kosa langu lilikuwa hili. Mhakiki mmoja aliugua, akajitoa. Badala ya kutafuta mtu wa kuziba pengo lake peke yake, nilisogeza majina yote mstari mmoja juu, nikazituma makala bila kurudia kuangalia. Daktari, ambaye naye alikuwa akihakiki kwa sababu wahakiki hawakutosha, akaangukia makala namba saba. Na makala namba saba aliiandika yeye.

Niliigundua hitilafu hiyo wakati nafunga ofisi, nikacheka peke yangu. Nilimwona kichwani akifungua faili, akisoma mstari wa kwanza, kisha akija mlangoni kwangu na karatasi mkononi: "Nukta! Umeniletea mwanangu mwenyewe nimpime uzito?" Tungecheka wote wawili. Ningemsomea kikaratasi changu cha radhi, angenitania wiki nzima.

Siku ya kwanza alinisalimu, akaniuliza habari za jalada. Siku ya pili alilisifia gauni langu. Siku ya tatu alikuwa na mihadhara. Kila siku nilimtafutia utetezi: leo hajaifungua, leo ameifungua lakini hajaisoma, leo ameisoma, anatafuta namna ya kuniambia bila kuniaibisha.

Siku ya nne, Alhamisi saa tatu asubuhi, ripoti yake iliingia. Ilikuwa na kurasa mbili.

"Hii ni kazi ya mtu aliyekomaa," ilianza. "Hoja zimejengwa kwa ustadi ambao mhakiki huyu hajauona kwa miaka mingi." Chini kidogo: "Mwandishi anaonyesha usomaji mpana bila kujionyesha." Ukurasa wa pili, chini ya kichwa cha kasoro, kulikuwa na kasoro moja: "Unyenyekevu. Mwandishi anajificha mno nyuma ya takwimu zake. Angeiruhusu sauti yake isikike zaidi." Na mwisho: "Ichapishwe kama ilivyo. Inafaa kufungua toleo la kwanza."

Niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilitafuta utani. Mara ya pili nilitafuta hata neno moja lenye haya. Mara ya tatu sikutafuta kitu. Nilikibandua kile kikaratasi cha radhi, nikakikunja mara nne, nikakitia kwenye pipa.

Watu wengi wamewahi kuvishwa kilemba cha ukoka. Sijapata kuona mtu akijivisha kwa mikono yake, halafu akajitengenezea na dosari ndogo ili kimkae vizuri zaidi.

Kulikuwa na karatasi ya idhini. Kila makala ilikuwa na mstari wake hapo, na pembeni ya kila mstari katibu anasaini kwamba makala hiyo imehakikiwa na watu wawili, wala mwandishi si mmoja wao. Bila saini, haiingii mtamboni. Mpiga chapa alitaka karatasi hiyo ifike kwake saa tisa alasiri. Daktari aliingia kwangu saa nane na robo, anapiga mluzi.

"Nukta wangu," alisema, akaegemea kabati la mafaili. "Jamaa wa mtambo anasubiri. Umeshasaini?"

"Sita."

"Sita nini?"

"Nimesaini makala sita. Kaa kwanza."

Hakukaa. "Ya saba ina nini?"

"Ya saba nilikutumia wewe uihakiki. Nilikosea. Nilisogeza majina bila kuangalia mara ya pili, na kosa hilo ni langu. Naomba radhi." Nikaiweka ripoti yake mezani. "Sasa sema wewe."

Alivua miwani. Akanitazama usoni kwa namna ileile niliyokuwa nikiisubiri kila asubuhi, na safari hii nikaielewa. Hakuwa akitafuta neno. Alikuwa akipima ninajua kiasi gani.

"Niseme nini, mpenzi?"

"Uliitambua au hukuitambua?"

"Unajua mimi nasoma makala ngapi kwa wiki?"

"Hii uliiandika. Miezi minane. Jedwali la tatu nilikuchapia mimi, Jumapili, mezani kwa mama yangu."

"Ndiyo matatizo ya huu mfumo wenu wa namba. Namba hii, namba ile. Mtu anachanganyikiwa."

"Hiyo ni aina ya kwanza," nikasema.

"Aina gani?"

"Ya kulaumu mitambo. Ukurasa wako wa tano."

Hapa lazima nieleze makala yenyewe ilihusu nini. Ilihusu namna watangazaji wa redio wanavyoomba radhi hewani. Daktari alikusanya radhi mia mbili na kumi na nne, akazigawa makundi manne. Kuna radhi inayolaumu mitambo. Kuna inayomrudishia msikilizaji mzigo: kama kuna aliyekwazika. Kuna inayotajwa mbiombio ili muziki uingie. Na kuna ya nne, adimu, ambapo mtangazaji anasema, nimekosea, na kosa lenyewe ni hili. Za namna hiyo alizipata tisa tu. Ilikuwa makala nzuri, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Ingepita kwa mhakiki yeyote. Hakuhitaji kuiba alichokuwa anapewa.

"Sawa," alisema, uso umekaza. "Kama limekukwaza, basi pole."

"Aina ya pili."

"Usinifanyie mchezo, Nukta."

"Nimesoma tu ulichoandika."

"Basi tuyaache haya. Jumamosi tuna jambo kubwa. Mama yako ameshashona nguo, wageni wameshaalikwa, tuanze kuzozana kwa kitu cha—"

"Aina ya tatu. Muziki umeingia."

Alipiga kofi juu ya kabati. Halikuwa kofi la kutisha. Lilikuwa kofi la mtu aliyezoea kupiga meza mbele ya wanafunzi na kuona kalamu zikinyanyuka.

Mlango ukafunguliwa, akaingia dada yake. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya watoto wadogo, ndiye aliyemlea Daktari baada ya wazazi wao kufariki, na alitembea popote kama yuko zamu ya kukagua kucha. Mkononi alikuwa na orodha ya viti vya mbele.

"Kuna nini? Mpaka kwenye ngazi nasikia makofi."

"Hakuna kitu, dada," Daktari alisema. "Katibu hataki kusaini."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita katibu mbele ya nduguye.

"Kusaini nini? Nipe nione." Akaichukua ripoti mezani kabla sijaizuia, akaisogeza mbali na macho, akasoma akiitikia kwa kichwa. "Kazi ya mtu aliyekomaa... ustadi... ehee! Sasa makala imesifiwa hivi, tatizo liko wapi? Huyu mhakiki ni nani? Ana akili sana."

Nilimwachia Daktari ajibu. Alikuwa akifuta miwani kwa ncha ya tai.

"Ni mimi," alisema chini kwa chini.

Dada mtu aliitazama tena ripoti. Nilidhani nitaona aibu ikimpita usoni, nami nikajiandaa kumheshimu kwa hilo. Kisha akairudisha ripoti mezani, akainyoosha kwa kiganja.

"Basi si ndiyo vizuri zaidi? Nani anaijua kazi kuliko aliyeifanya?"

Nilijikaza nisicheke. Sidhani kama nilifaulu.

"Unacheka nini, binti? Una shahada ngapi vile?"

"Sina, dada."

"Huna. Sasa unamhakiki Daktari kwa lipi?"

"Simhakiki. Amejihakiki mwenyewe."

"Nilikwambia," alimgeukia mdogo wake, kama siko chumbani. "Nilikwambia tangu mwanzo. Mtu wa kufunga vitabu mfungishe vitabu. Ukimkalisha mezani anaanza kuuliza vijiko viko wapi."

Nilimtazama Daktari. Sikutaka anitetee kwa hotuba. Angesema "dada, hapana" tu, mimi ningetafuta njia ya kumsamehe, nakiri hilo. Alivaa miwani yake.

"Sikiliza, Nukta," alisema kwa ile sauti ya taratibu. "Ni jambo dogo. Yule mhakiki aliyeugua, jina lake si bado lipo kwenye orodha yako? Liweke juu ya ripoti hii. Nani atamuuliza? Mgonjwa huyo."

"Ripoti yako, jina lake."

"Maneno ni yaleyale. Unabadilisha jina tu."

"Na akipona?"

"Atashukuru kuona amefanya kazi akiwa kitandani." Akatabasamu upande mmoja wa mdomo. Tabasamu lilelile. Akaja karibu, akaweka kiganja juu ya mkono wangu, kama alivyofanya chini ya meza siku ya kikao cha bodi, siku ambayo sikusikia ajenda hata moja. "Nifanyie hili. Ukisaini, Jumamosi nakuita mbele ya watu wote. Usiposaini..." Akainua mabega. "Sijui nitamwita nani."

Mwenyewe alidhani ananitisha. Nami nilitulia, nikausikiliza moyo wangu, maana nilikuwa na haki ya kujua unauma kiasi gani. Nilitamani nimkute ndani yangu kama mtu wa kumchukia. Chuki ina joto. Ukimchukia mtu bado unamngoja mlangoni. Nilichokikuta kilikuwa baridi na kidogo. Nilimwona mwanamume mzima, mwenye vyeti vitatu ukutani, amekaa peke yake mahali fulani siku ya tatu jioni, anatafuta neno zuri la kujisifia, anaandika "ustadi", analifuta, analirudisha. Nilimwona akifikiria, niongeze kasoro ipi? Nikajua sitaweza tena kuketi naye meza moja bila kuuona uso huo.

Niliutoa mkono wangu chini ya wake. Nikachukua simu, nikampigia Profesa, nikamweleza kwa sentensi nne.

"Umesaini?" aliuliza.

"Sijasaini, mama."

"Basi haiingii. Asante, Nukta." Akakata.

Nikampigia mpiga chapa. "Ni makala sita, si saba. Toa ile ya kufungua toleo, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa ishirini na mbili, kurasa nyingine zisogee mbele. Nakuletea karatasi yako sasa hivi."

"Mnanipa kazi ya kupanga upya saa hizi?" mpiga chapa alilalamika. "Kwani huyo wa mwanzo kafanya nini?"

"Hakupata wahakiki wa kutosha," nikasema. Ilikuwa kweli tupu.

Daktari alikuwa ameduwaa. Dada yake alichukua orodha yake ya viti, akatoa kalamu kwenye mkoba, akakata jina moja polepole ili nilione. Nikawaomba kwa adabu wanipishe mlangoni, nikaenda na karatasi yangu.

Nyumbani, Mama alikuwa amelitundika gauni lake jipya nje ya kabati ili kila anayepita alione. Nilimsimulia yote. Alinisikiliza huku akikunja nguo.

"Alikupiga?"

"Hapana."

"Ana mwanamke mwingine?"

"Hapana, Mama."

"Amekutukana?"

"Dada yake, kidogo."

"Huyo dada yake hata mimi angenitukana, tusimhesabu. Sasa yeye amefanya nini?"

"Amejisifu."

Mama aliiacha nguo. "Mwanangu, ukitafuta mwanamume asiyejisifu utazeeka kwenye hiki kiti."

"Amejisifu akijifanya mtu mwingine. Halafu akataka nimzushie mgonjwa kwamba ndiye aliyesema."

"Ni karatasi hizo! Karatasi! Una miaka thelathini na minne, unamwacha Daktari kwa ajili ya karatasi?" Sauti yake ilikatika, nikaona hana hasira, ana hofu. "Mimi nikiondoka, wewe utabaki na nani? Na mafaili?"

Nilimsaidia kukunja nguo zilizobaki. Ijumaa jioni ujumbe wa Daktari uliingia kwenye simu: "Nimekusamehe. Kesho vaa ile ya bluu." Nilimwonyesha Mama. Aliusoma akiwa ameweka simu mbali na macho.

"Umeona?" alisema kwa matumaini. "Mtu mwema. Twende, mwanangu. Huko huko mtaelewana."

Nilikwenda kwa sababu masanduku ya jarida yalikuwa chini ya dhamana yangu. Nilivaa ya kijivu.

Ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele walikaa wakuu wa idara, Profesa, dada wa Daktari, na Mama ndani ya gauni lake. Nilizipanga nakala mezani, mgongo mmoja upande huu, mgongo mwingine upande ule. Jarida lilikuwa zuri. Nililipapasa jalada, maana hilo nalo nilikuwa nimelipenda miaka miwili, na lenyewe halikuniangusha.

Daktari alipanda jukwaani. Alizungumzia safari ndefu, usiku wa kukesha, na ndoto. Kukesha nilikesha mimi, lakini hilo lilipita. Kisha akavua miwani.

"Baadhi yenu mtashangaa," alisema, "kuona mhariri mkuu hana makala kwenye toleo lake mwenyewe. Nilikuwa nayo. Ilikuwa ifungue toleo hili." Akasimama kidogo, akaacha watu wamngoje. "Nimeiondoa kwa hiari yangu. Nilijiambia, tuwapishe vijana."

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mkuu wa idara mmoja alisimama kabisa. Profesa hakupiga makofi. Alikuwa akiondoa nyuzi kwenye sketi yake, na alipomaliza aliinua macho akanitazama, unyusi mmoja juu kidogo ya mwingine. Alikuwa akiniachia uamuzi. Kauli moja tu kutoka kwangu ingetosha.

Nikafikiri kwa utaratibu, kama ninavyofikiri siku zote. Nikimfichua, watu watazungumza juu yake mwaka mzima. Atapata maadui, atapata watetezi, atakuwa habari. Nilikuwa nimeshamhariri vya kutosha. Nikatikisa kichwa kukataa, Profesa akarudi kwenye nyuzi zake.

"Na sasa," Daktari alisema, "furaha ya pili. Mtu aliyesimama nyuma yangu katika kazi hii. Nukta, njoo. Njoo, mpenzi, usione haya."

Watu wakageuka. Nilipita katikati ya viti nikapanda. Alinishika kiwiko, akaziba kipaza sauti kwa kiganja, vidole vikiwa vimeachana.

"Nimeshakusamehe," alininong'oneza. "Tabasamu. Usiniaibishe."

Mstari wa mbele wote ulisikia. Nilijua umesikia, kwa sababu sauti ya Mama ilitoka pale chini, ya wazi, ya mtu anayeuliza bei:

"Amekusamehe nini?"

Daktari alicheka kidogo kwenye kipaza sauti. "Mambo ya ofisi, mama."

"Nimemuuliza mwanangu."

"Mama mzazi," dada wa Daktari alimnong'oneza, naye akasikika hadi nyuma, "si mahali pake hapa. Wengine tumekubali kushuka mpaka hapa kwa heshima tu."

"Mmeshuka?" Mama alimgeukia taratibu. "Mmetoka wapi?"

Kisha Mama akanitazama tena mimi. Macho yake yalikuwa na ile hofu ya siku ile, lakini kidevu kilikuwa juu. Nikamwomba Daktari kipaza sauti. Alinipa, kwa kuwa watu mia moja na hamsini walikuwa wakimtazama, na mtu wa namna ile mbele ya watu hutoa chochote.

"Habari za asubuhi," nikasema. Sauti yangu ni ndogo, ilibidi watu wanyamaze ili wanisikie. "Mimi ni katibu wa uhariri. Jarida lina makala sita. Zote zimesomwa na watu ambao hawakuziandika. Nakala ziko mezani, kila mgeni achukue moja. Daktari ametaja furaha ya pili. Hiyo haipo. Aliniomba tuoane, nami nimekataa. Chai iko tayari ukumbi wa nje. Karibuni sana."

Nilimrudishia kipaza sauti chake. Alikipokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kitu kilichotoka motoni. Akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisimama katikati ya sentensi bila kuwa na sentensi.

Hakuna aliyenyanyuka. Watu walitazamana, wakatazama miguu yao. Dada wa Daktari alikuwa ameubana mkoba kifuani. Nilishuka ngazi moja, ya pili, na nikawaza kwamba huenda nitavuka ukumbi huu mzima peke yangu, na kwamba Mama alikuwa amesema kweli kuhusu mafaili.

Kisha kiti kikakwaruza sakafu. Mama alisimama. Alijikung'uta gauni, akachukua jarida moja mezani, akalitia kwapani, akaja akanishika mkono kwa nguvu kama nina umri wa miaka sita. Daktari alikuwa ameshuka kutufuata, amesimama kwenye njia kati ya viti, mdomo bado uko wazi.

"Baba, tupishe," Mama alimwambia. "Watu wanataka kunywa chai."